Nilivyobeba karatasi ya baba mkubwa kutoka Wamaza hadi Ufilipino

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo nimeamua kufungua mdomo. Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, na ile karatasi ninayo hapa kando ya simu, imekunjwa mara nne na ina doa la mawese. Asiyeamini shauri yake.

Niwape picha kwanza.

Mimi ni wa Kongo, Maniema, teritwari ya Kabambare, upande wa Wamaza. Kiswahili changu kikiyumba mnivumilie, nyumbani tunakichanganya na Kifaransa na lugha yetu mpaka kinachoka.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Aliyenilea ni kaka yake, baba mkubwa Saidi. Yeye ni Mwislamu, mama yangu ni wa kanisa, na mimi nikamfuata mama. Kwetu hilo halina kelele. Idi tunakula kwake, Krismasi anakula kwetu, na ugomvi pekee ninaoukumbuka ulihusu mbuzi aliyeingia shamba la karanga.

Baba mkubwa alikuwa karani wa teritwari miaka mingi, kule Kabambare mjini. Alistaafu, lakini ukarani haukumtoka. Mpaka leo ukimwazima jembe anakuandikisha.

Haya.

Nilikuwa Kasongo nafundisha shule ya msingi. Kanisa letu likapata nafasi moja: kijana mmoja aende Ufilipino miezi mitatu, mission training. Wakaomba, wakatuhoji, wakanichagua mimi.

Wakuu, nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza nani amekufa.

Nikapanda moto, yaani pikipiki, kwenda Wamaza kutoa habari. Njia ile wanaoijua wanaijua, nilifika na tope hadi kwenye nyusi. Lakini nilikuwa nacheka peke yangu njia nzima, dereva akadhani nimevuta kitu.

Kumbe tatizo lilikuwa linanisubiri nyumbani. Tatizo lilikuwa neno lenyewe: mission.

Bibi yangu mzaa mama alisikia nakwenda mission akashangaa kabisa. Kwake mission ni mahali: kanisa la zamani, shule, bustani ya mapadri.

"Mission iko pale Kasongo," akasema. "Sasa ndege ni ya nini?"

Tulicheka sana. Baba mkubwa hakucheka.

Kwake yeye mission ni safari ya kazi. Na safari ya kazi ina *ordre de mission*, ile karatasi ambayo mtumishi wa serikali kwetu hasafiri bila kuwa nayo. Inasema wewe ni nani, unaenda wapi, kufanya nini, siku ngapi. Ukifika unagongewa muhuri kwamba umefika. Ukiondoka, muhuri kwamba umeondoka. Ukirudi, unaleta ripoti.

"Ordre de mission yako iko wapi?"

Nikamwambia sina baba, hii ni mission ya Mungu.

"Hata ya Mungu. Nani amesaini?"

Akaendelea taratibu, kama anamfundisha karani mpya: "Mutu haendi mission bila karatasi. Ule anaenda bila karatasi, anatembea tu."

Na hakunipa mkono.

Hapa lazima nieleze. Kwetu huondoki safari ndefu kama aliyekulea hajakushika mkono na kusema enda. Hakuna atakayekuzuia kwa nguvu, lakini utaondoka kama mwizi. Visa nilikuwa nayo. Tiketi nilikuwa nayo. Mkono wa baba mkubwa sikuwa nao.

Siku tatu nilikaa pale. Sikujua kama shida yake ni karatasi kweli, au ni dini, anaona aibu kusema.

Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Ametoka msikitini, akaniita barazani. Mezani kuna ile mashine yake ya kuchapa, ambayo herufi ya e inaruka juu ya mstari. Akanipa karatasi.

Alikuwa ameniandikia ordre de mission mwenyewe!

Jina langu. Kazi: mwalimu. Mahali: Ufilipino. Muda: miezi mitatu. Usafiri: moto, ndege. Shabaha ya mission: kujifunza. Chini amesaini kama mlezi, si kama serikali, maana yeye ni mtu wa haki na muhuri wa watu hagusi. Na chini zaidi nafasi mbili wazi: ameonekana akifika, ameonekana akiondoka.

"Hizi nafasi zisirudie wazi," akasema. "Na rapport nitaisoma."

Kisha akanishika mkono. Enda.

Nilitoka pale nikiruka, bila utani.

Safari sitaieleza sana, mliopanda ndege mtanicheka. Niseme tu kwamba Kindu hadi Kinshasa sikutoa uso dirishani, na ndege ile kubwa ya pili nilikula kila kilicholetwa, nusura nile na ile karatasi yenye maji ya kufutia mikono. Niliilamba kwanza, ndipo nikajua.

Tukafika. Kituo cha training kilikuwa nje ya mji mdogo, vijana kutoka kila pembe ya dunia, magitaa, vicheko. Nami nikaenda moja kwa moja ofisini, kama mtu aliyelelewa vizuri, nikaweka karatasi mezani na kuomba muhuri wa kufika.

Dada wa mapokezi akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaniuliza kama ni cheti cha chanjo.

Nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kubahatisha. Akamwita mwalimu wetu, mzungu mmoja mrefu mpole, naye akacheka kwa upendo kabisa. Akasema hapa hatuna mihuri, ndugu, hapa tunaombeana. Akaniombea palepale.

Nilisema amina. Lakini nilikuwa naitazama ile nafasi wazi. Niliikunja karatasi nikaificha ndani ya Biblia.

Wiki za mwanzo zilikuwa tamu na chungu. Tamu kwa sababu kila kitu kilikuwa kipya: wali asubuhi, wali mchana, wali jioni, watu wanaoimba hata wakiosha vyombo. Chungu kwa sababu ya mazoezi ya kushuhudia mbele ya watu. Wenzangu walisimama wakatiririka. Zamu yangu ilipofika, tulikuwa sokoni, nikasahau mpaka neno la Kiingereza la "habari". Nilisimama kama mti wa umeme.

Usiku sikulala, maneno ya baba mkubwa yanajirudia. Anatembea tu. Nikaona ndiyo mimi.

Halafu wakatugawa vijijini, wiki mbili, kila mmoja na mwenyeji wake. Mimi nikapelekwa milimani, kwa mama mzee mmoja ambaye wote walimwita Lola, yaani bibi. Mwalimu mstaafu, Kiingereza chake cha polepole, na kila kitu ndani ya nyumba yake kilikuwa na mahali pake.

Asubuhi ya kwanza natoka nje, namkuta na rundo la mihogo.

Wakuu, nilitaka kuikumbatia ile mihogo! Nimevuka nusu ya dunia na mihogo imenitangulia.

Lola akanipa kisu. Hapo ndipo aibu ilipoanza. Mimi mtoto wa Wamaza, niliyekua kwa bukari, ugali wetu wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, sijawahi kumenya muhogo maishani. Kwetu ni kazi ya mama na dada. Nilimenya wa kwanza ukabaki kama penseli. Lola alicheka mpaka akashika ukuta.

Basi kila asubuhi tukawa tunamenya. Yeye anaikuna kutengeneza keki ya muhogo na tui la nazi. Majirani wakaanza kuja kumtazama Mkongo anayeharibu mihogo. Wanakaa, wanachukua visu, wananiuliza kwetu kukoje.

Na mdomo ukafunguka! Sijui niseme nini. Mikono ikiwa na kazi, Kiingereza kilikuja. Kibovu, lakini kilikuja. Niliwaeleza Kasongo, na Yesu, na jinsi mama alivyoniombea nilipougua surua, na baba mkubwa Mwislamu aliyenisomesha. Hakuna aliyekuwa ananipa alama. Nilifurahi mpaka nikajikata kidole.

Siku ya kidole ndiyo Lola alichukua Biblia yangu anisogezee, karatasi ikaanguka.

Akaiokota. Kifaransa hakijui, lakini karatasi ya kazi anaijua. Akataka maelezo ya mstari mmoja mmoja. Nikamweleza yote, mpaka lile neno, anatembea tu. Alipofika kwenye nafasi mbili wazi akaweka kisu chini.

Hakucheka hata kidogo.

Kesho yake akavaa gauni la kanisani, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, tukashuka hadi ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa mwanafunzi wake zamani. Alipomwona tu alisimama. Lola akaweka karatasi mezani, akaonyesha kwa kidole: hapa.

Mwenyekiti akaandika tarehe, akasaini, akapuliza muhuri, akagonga. Twa! Wino wa zambarau.

Nililia wakuu. Mwanaume mzima, ofisini kwa watu.

Siku ya kuondoka kijijini Lola alinirudisha tena kwa wa pili.

Sasa nyumbani. Nilifika Wamaza mchana, familia nzima barazani, mama pembeni na mihogo yake. Baba mkubwa hakuuliza safari. Akavaa miwani, akanyoosha kiganja. Nikampa.

Alisoma ule muhuri herufi kwa herufi. Akaisogeza kwenye mwanga. Akapitisha kidole juu ya wino.

"Rapport."

Nikasoma kurasa zangu mbili. Sikuficha kitu, hata soko na mti wa umeme. Nilipofika kwenye kumenya mihogo, mama akadakia: "Weye? Mihogo?" Baraza zima likapasuka kwa kicheko, bibi akataka kisu kiletwe nithibitishe.

Baba mkubwa alingoja watulie. Kisha nikamuuliza lile lililonikaa rohoni miezi mitatu. Baba, ulinikatalia mkono juu ya dini?

Alivua miwani.

"Hapana dini. Baba yako aliniachia weye mumoja tu. Mutu anaenda bila karatasi, anaweza kubakia kule. Mutu wa ordre de mission, lazima arudie."

Mimi nilitazama chini, nikasikia mama anapenga kamasi kwa kitenge.

Halafu mzee akavuta mashine yake, akaweka karatasi mpya, akachapa kwa vidole viwili, tak tak tak, na ile e inaruka. Akasaini. Akanipa.

Jina langu. Mahali: jikoni kwa mama yake. Shabaha ya mission: kumenya mihogo. Muda: mpaka iishe.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: mimi nilidhani ananikatalia kwenda, kumbe mzee alikuwa ananiomba nirudi, kwa lugha pekee aliyoizoea. Kama kuna mzee anakusumbua na masharti yake ya ajabu, muulize anaogopa nini kabla hujanuna.

Kwenu ruhusa ya safari inatolewaje? Na wanaume mliowahi kushika kisu cha mihogo, jitokezeni tusaidiane. Nitajibu polepole, mikono ina utomvu na rundo bado ni kubwa.