Mkwezi wa Nguzo za Simu

Mkwezi wa Paje hapandi mnazi kimya kimya. Akiwa bado chini, kamba miguuni na panga kiunoni, huinua kichwa akaita: "Napandaaa! Jistirini!" Hapo mwanamke anayeoga uani hujifunga kanga, anayesukwa nywele huvuta mtandio, na anayemsengenya jirani hushusha sauti. Ua wa makuti humzuia anayepita njiani, haumzuii aliye juu. Asiyeita ni mwizi au mbwa, na kwa watu wa Paje bora mwizi. Lipo na sharti la pili, na hilo hakuna anayefunzwa, mtu hulikuta tu kwao: utakachokiona juu, kiache juu.

Mjaka alikuwa mkwezi mwana wa mkwezi. Nyayo zake zilikuwa ngumu kama kumbi la nazi, na mkewe Sichana alizoea kusema kwamba mwiba ukimchoma Mjaka, wa kupewa pole ni mwiba.

Mwaka wa sitini na tano watu wa simu walikuja na gari lao, nguzo zao na mizingo ya waya, wakitokea Tunguu kuteremka pwani. Chama kilitaka simu tawini, na zahanati ilitaka kuita gari la wagonjwa kabla mgonjwa hajawa maiti. Vibarua wa mjini walipewa viatu vya chuma vya kupandia. Wa kwanza alifika nusu ya nguzo, akaikumbatia kama popo, akaanza kumwita mama yake. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa chini kikimtazama, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumwonea huruma.

"Hebu," alisema Mjaka.

Alitia kitanzi chake cha kamba miguuni, akatazama huku na huku. Palikuwa pori tupu, hata kuku hapakuwa. Akaita vilevile, "Napandaaa! Jistirini!" Kisha akapanda kama moshi.

Fundi wao, Himid, alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Himid alikuwa Mwarabu wa mjini, mwembamba, na kikohozi chake kikimtangulia popote aendapo. Waarabu wenziwe walishaondolewa afisini mmoja mmoja tangu mapinduzi. Yeye aliachwa kwa kuwa alizijua waya za kisiwa kizima kama ulimi unavyoyajua meno.

"Unamwambia nani ajistiri, kaka? Kunguru?"

"Sijui, fundi. Lakini nikianza kuchagua pa kuita na pa kutoita, ipo siku ntasahau."

Himid aliacha kucheka. Siku ile ile akamchukua kuwa kibarua wake.

"Nimeolewa na mwanamme anayekwea miti isiyozaa," Sichana aliwaambia wenziwe kisimani. "Ukimuuliza leo umeangua nini, anakwambia nimeangua haloo!"

Wakacheka weee. Lakini simu ya Paje ilipolia kwa mara ya kwanza, na gari la wagonjwa likaja kumchukua mwanamke aliyeshindwa kujifungua, na mwanamke yule akarudi na mtoto mgongoni, Sichana alipita kisimani kidevu juu kama aliyeivuta ile waya kwa mikono yake.

Himid alimfundisha Mjaka kila kitu: kuunga waya, kubadilisha vikombe vya kaure vinavyoibeba juu ya nguzo, kusikiliza kwa simu ya mkono ili ajue kasoro iko upande gani. Na kila mwaka alimwandikia barua kwa wakubwa, kwamba mtu huyu aandikwe kazi. Hilo ndilo Mjaka alilolitaka duniani. Kibarua huitwa leo, kesho akaambiwa nenda zako. Aliyeandikwa ana jina lake katika kitabu cha serikali, ana likizo, na akianguka kutoka juu huanguka mtu, hauanguki mzigo. Miaka mitano Himid aliandika, na miaka mitano barua zililala.

Mwaka wa sabini aliletwa mkubwa mpya, Bwana Msabah. Simu yeye aliijua kwa kuipokea tu, lakini tumbo la ukubwa alikuwa nalo tayari. Siku ya tatu alipanda gari kwenda kutazama kazi, na gari likasimama chini ya nguzo nyuma ya nyumba za watu. Mjaka akatia kamba miguuni, akajaza kifua:

"Napandaaa! Jistirini!"

"Nini hiyo?" Msabah aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Unauza samaki?"

"Naarifu, bwana. Kuna nyua za watu."

"Wewe ni nani? Wewe ni serikali! Serikali inapiga hodi? Umepata kuona wapi serikali ikapiga hodi?"

Vibarua walicheka, kwa kuwa mkubwa alikuwa anawatazama. Himid peke yake hakucheka. Alikohoa, akasema, "Ndiyo ada yao, Bwana Msabah. Haina ubaya."

"Sikukuuliza wewe." Msabah akamgeukia Mjaka, sasa kwa sauti ya asali. "Barua zako nimeziona. Miaka mitano! Nisikilize. Ukipiga tena ukelele huo, utakufa kibarua. Ukinyamaza mwezi mmoja, mwezi wa pili unaandikwa."

Nyumbani Sichana alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa anakuna nazi.

"Basi nyamaza. Mdomo una kazi gani? Hao watu wa mjini wana kuta, si makuti."

"Kuta hazina mapaa, Sichana. Uani kwao mbingu ni ile ile."

"Na mfuko wako nao mtupu ni ule ule."

Mjaka alinyamaza. Wiki tatu alipanda kama paka. Mara nyingi alikuta wanawake vichwa wazi, akafumba macho na kufanya kazi kwa kupapasa. Kitabu cha serikali kilikuwa kinakaribia.

Alhamisi ya wiki ya nne Msabah alimpa karatasi: kikombe kimepasuka, Kiembe Samaki, nguzo ya nyuma. Aende peke yake, kwani fundi Himid ameomba ruhusa, ana homa. Mjaka aliijua nguzo ile. Ilikuwa imesimama nyuma ya ua wa Himid mwenyewe, alikohamia baada ya nyumba yao ya mjini kuchukuliwa.

Alifika, akavaa kamba, akafungua mdomo. Msabah hakuwepo. Lakini dukani ng'ambo ya njia walikuwa wamekaa watu, na miaka ile mtu huwezi kujua nani hupeleka maneno kwa nani. Ulimi ukarudi ndani. Siku nne tu zimebaki, alijiambia. Akapanda.

Uani, Bahiya, mke wa fundi, alikuwa kichwa wazi, nywele mpaka kiunoni. Amelipasua godoro, anatoa sufi anatia nguo. Turki, mdogo wake Himid, alikuwa anashona turubali. Na mgonjwa wa homa, kifua wazi, jasho linamtiririka, alikuwa anajaza maji madumu manane. Hapakuwa na mtu Unguja siku zile asiyejua madumu manane ni ya nini kwa mtu ambaye mfereji wake unatoa maji. Watu walikuwa wakivuka kwenda bara kwa siri, na wengine wakikamatwa wakivuka.

Bahiya aliinua uso. Hakupiga kelele. Alijitia sufi kichwani kwa mikono miwili, maana kanga ilikuwa mbali. Himid akafuata macho ya mkewe mpaka juu ya nguzo.

Wakatazamana, mwalimu na mwanafunzi. Mjaka aliweka mkono kifuani, kama mtu anayesema mimi ni yule yule. Himid hakuuona mkono. Alikuwa anatazama mdomo.

Mjaka alifunga kikombe kipya, akateremka. Akaufikiria mlango wa uani. Agonge? Wale wa dukani walikuwa wanatazama. Ukigonga kwa mtu aliyesema ana homa, na wewe umetoka kumwona kutoka juu, umewaambia watu wote kwamba lipo la kusemwa. Wakati bado anafikiri, komeo la ndani likasukumwa, kha! Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Atanielewa, alijiambia. Miaka mitano ananijua.

Himid na Bahiya walivuka usiku ule ule. Hawakungoja Jumamosi waliyokuwa wameipanga. Chombo kilichopatikana kwa haraka kilikuwa kidogo, Turki akabaki avuke na cha pili. Jumamosi akakamatwa ufukweni.

Mjaka hakuwa amesema neno. Kilichosema ni cherehani. Bahiya aliiuza cherehani yake kwa bei ya jiko la mkaa, na aliyeinunua alizunguka nayo mtaa mzima akijisifu, mpaka mwenye akili akajiuliza kwa nini mwanamke auze mkono wake wa kulia. Lakini hayo yalijulikana baadaye sana, wakati hayakumfaa tena mtu yeyote.

Jumatatu Msabah alifungua daftari la kazi. Walikuwepo na watu wawili ambao hawakujitambulisha.

"Alhamisi ulikuwa juu ya nguzo nyuma kwa Himid. Uliona nini?"

"Kikombe kimepasuka."

"Na uani?"

"Mkwezi huangalia juu, bwana."

"Mjaka, usiwe mpumbavu. Fomu yako hii hapa, imejazwa, bado saini yangu tu. Himid kashakwenda zake, hutamdhuru. Sema ulimwona nduguye anasaidia, basi. Nntia saini sasa hivi, mbele yako."

Mjaka aliitazama fomu. Hakujua kusoma sana, lakini jina lake alilijua, na lilikuwa limeandikwa kwa hati nzuri. Akamfikiria Turki, ambaye huko alikowekwa alikuwa akisema alikwenda ufukweni kuoga. Shahidi wa kumpinga alikuwa hayupo, ila mmoja. Akakiona tena kile kichwa cha Bahiya, mikono miwili na sufi, na namna wanaume hawa watatu watakavyomuuliza: wazi kabisa? Mpaka wapi?

"Kikombe," alisema. "Kilikuwa kimepasuka."

Msabah aliichana fomu vipande vinne, polepole, kama anayegawa mkate. Wale wawili wakasimama.

Walimweka ndani wiki kumi na moja. Walipojua kwamba ni mkwezi, walianzia miguuni. Zile nyayo zilizovunja miba zilirudi Paje zimefungwa matambara, na tangu hapo Mjaka alitembea kwa ukingo wa mguu, kama anayekanyaga mayai. Kupanda ilikuwa basi. Jirani yake Bakar alirithi minazi yake. Mjaka alikaa chini mbele ya kifuo, kigingi chenye ncha, akifua nazi zilizoanguliwa na mwingine.

"Ungesema," Sichana alimwambia. "Wenyewe walishavuka. Ungesema, ungekuwa umeandikwa."

"Turki alikuwa bado ndani."

"Na yupo bado! Umemtoa? Miguu yako imemtoa?"

Mjaka alikuwa na faraja moja, akiila kidogo kidogo kama mtu mwenye tende ya mwisho: yuko mtu ng'ambo ya bahari anayejua mimi nani. Ipo siku nitapata neno lake.

Neno lilikuja mwaka wa sabini na mbili, mchana, kijiji kimelala. Machano, karani wa tawi, alitoka barazani akapaza sauti mpaka mbuzi wakaamka.

"Mjaka! We Mjaka! Simu yako! Mombasa!"

Hakuna mtu wa Paje aliyepata kupigiwa simu kutoka Mombasa. Watu waliacha mikeka yao wakamfuata. Mjaka alikwenda mbio kwa zile nyayo, na waliokuwa nyuma wakamwigiza anavyokwenda, wakacheka. Akaingia tawini, akashika simu ambayo waya yake aliivuta mwenyewe.

"Haloo?"

Kilitangulia kikohozi. Machozi yakamlenga Mjaka.

"Naam," alisema. "Naam, naam. Mie huyu."

"Turki amekufa," ilisema sauti. "Amefia ndani. Nimepata habari juzi."

Mjaka alifungua mdomo.

"Usiniambie kitu. Miaka mitano nilikusikia ukiita. Porini ukiita. Makaburini ukiita. Ulinambia ukianza kuchagua pa kuita utasahau. Hukusahau, Mjaka. Ulichagua. Kwangu mimi, mke wangu kichwa wazi, ulipanda kimya kama mwizi, ukatazama ukashiba, ukenda kuuza. Wamekuandika kazi? Hongera. Mungu akuangushe kutoka mahali parefu."

Simu ikakatwa.

Mjaka alibaki nayo sikioni. Ndani mlikuwa na mvumo tu, ule ambao Himid mwenyewe alimfundisha kuutambua: waya nzima, upande wa pili hakuna mtu.

"Nilikatazwa, fundi," aliuambia mvumo. "Nilikatazwa kuita."

Alipogeuka, mlango ulikuwa umejaa vichwa.

"Kasemaje?" aliuliza Machano. "Nani huyo? Kasemaje?"

Mjaka aliiweka simu mahali pake, taratibu, waya isijipinde.

"Anakusalimuni," alisema.

"Salamu tu? Kutoka Mombasa!" Machano alipiga makofi. "Jamani, kuna watu wana neema ya kuchezea!"

Wakaangua kicheko, wakampisha, wakamsindikiza kwa macho anavyochechemea kurudi kwenye nazi zake. Uani kwake Sichana alikuwa anasuka nywele. Nje ya ua, chini ya mnazi wa mpakani, Bakar alikuwa anafunga kamba miguuni.

"Napandaaa! Jistirini!"

Sichana akavuta kanga kichwani. Mjaka akakaa, akachukua nazi, akaipiga kwenye ncha ya kifuo kwa nguvu zake zote.