Mashine Isiyoitikia Salamu

Mama mdogo aliyenilea Itigi alinipigia simu saa tano asubuhi. Hata shikamoo hakuniacha nimalize.

"Mashine yako nimeiandikia vizuri, inanijibu 'Kosa limetokea.' Kosa gani? Nimekosa nini mimi?"

Mashine yenyewe ilikuwa seva, kompyuta ya kupokea ujumbe, niliyoitengenezea programu nikiwa Singida mjini, nikiringa kweli. Soko la asali lilishakuwa huria, na mnunuzi binafsi aliyeniajiri alitaka wauzaji wajiandikishe kwa ujumbe wa simu. Usipoandikishwa kabla ya saa sita mchana, gari linakupita, na ndoo zako za asali zinangoja wiki nzima. Mama mdogo alikuwa ameshazisogeza zake barabarani.

Nikafungua kumbukumbu za seva. Kwenye nafasi ya idadi ya ndoo alikuwa ameandika: "Hamjambo wanangu. Ndoo kumi na mbili." Nilicheka peke yangu. Kwetu hutaji shida yako kabla ya salamu, awe karani au nani. Seva ilitaka tarakimu tu, ila haikusema. Ukosee lolote, jibu lilikuwa lilelile.

"Enzi za ushirika karani alikuwa anaikataa asali yangu," akaendelea, "ila ananiambia: ina nta, kaichuje. Wewe na kusoma kwako kote, hata hilo limekushinda?"

Yalinichoma, maana yalikuwa kweli. Nikaketi kuandika upya, kila jibu la kosa lieleze kosa ni lipi, liko sehemu gani na lirekebishwe vipi. Na kwa kuwa wauzaji wengi ni watu wazima, nikatanguliza heshima. Saa sita kasoro robo nikamwambia ajaribu tena. Akatuma vilevile, akajibiwa: "Shikamoo. Kwenye idadi ya ndoo andika tarakimu tu, mfano 5."

Ujumbe wake ukaingia: "Marahaba mwanangu. 12."

Ukakataliwa. Sikujua nicheke au nilie, na dakika zinakimbia. Kabla sijampigia, ukaingia mwingine: "12". Huo ukapokelewa, na gari likapakia ndoo zote.

Nilifurahi, lakini ile 12 kavu ilinikaa rohoni. Nilikuwa nimemfundisha mama mdogo kupita bila salamu. Siku ileile nikairekebisha seva ichukue namba na kuiacha salamu ipite. Wiki iliyofuata alituma mistari minne: habari za mvua, za mbuzi, pole na kazi, kisha 9. Ikapokelewa yote.