Jina la Kutafutia

Kompyuta mpya zilipofika ofisini, kila mtu alishangilia isipokuwa mimi, kwa sababu nilijua nani ataitwa zikigoma. Mimi ndiye fundi wa kompyuta, peke yangu, katika kampuni moja ya kukoboa kahawa hapa Moshi. Nilitoka Singida kuja kufanya kazi hii, sina ndugu wala jamaa mjini. Jumamosi wenzangu wakipanda mlimani kwao, kwenye migomba na ng'ombe wao, mimi hubaki na chumba changu cha kupanga na redio.

Haikupita wiki zikaanza kelele. Eti programu ya barua pepe imekataa kutafuta watu. Ukiandika jina la mfanyakazi mwenzako, orodha ya kampuni inajibu kwamba hakuna aliyepatikana. Nikalaumu mtandao. Nikafuta nakala ya orodha kwenye kila kompyuta, nikaishusha upya kutoka makao makuu Dar. Nikajaribu mwenyewe, majina yote yakaja bila tatizo. Nikawaambia, kwa ukali ambao sikuuficha, kwamba orodha ni nzima, wajifunze kuandika.

Mama wa uhasibu, mkubwa wetu kwa umri, akaniita tena.

"Shikamoo mama. Hebu tafuta mtu nione."

"Marahaba mwanangu. Simama hapo hapo."

Akaandika kwa kidole kimoja: Mama, kisha jina la mtoto. Hakuna aliyepatikana.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

"Si yule dada wa ofisi ya Holili, anayepokea malori? Mtoto wake nilimsimamia ubatizo mimi."

"Na jina lake yeye mwenyewe?"

"Sasa hilo nalijulia wapi?"

Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu kompyuta zile zije. Kwenye zile za zamani kila mtu alikuwa amehifadhi anwani kwa namna anavyowaita wenzake, na huku mtu akishazaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Jina la kwenye cheti linabaki la benki na la Dar. Orodha ya makao makuu ilikuwa na hayo ya vyeti tu.

Nikaomba ruhusa Dar nijaze kwenye orodha nafasi ya jina la pili, ambalo programu hulitafuta pia. Nikazunguka meza hadi meza, nikapiga simu kwenye ofisi zetu za Holili na Bomang'ombe, swali langu moja tu: wanakuitaje? Sijawahi kuona watu wakimjibu fundi kwa furaha namna ile. Walitaja watoto wao wakitabasamu, wengine wakanionyesha picha kwenye simu. Vijana ambao hawajazaa wakatoa majina yao ya utani ya mpirani. Mimi naandika tu.

"Na wewe tukutafute kwa jina gani?" mama wa uhasibu akauliza.

"Niandikeni Fundi."

"Fundi nalo ni jina? Haya, ukizaa tutabadilisha."

Hakuwa na ubaya. Hakujua, na hakuna aliyejua. Nilizaa mimi. Mwanangu aliishi siku chache, akapewa jina, akazikwa nalo, na baada ya hapo mimi na baba yake hatukuweza kukaa nyumba moja. Nyumbani watu waliacha kulitaja jina lile wakidhani wananihurumia. Nikaja Moshi nisizione nyuso zao, na hapa nako hakuna wa kulitaja kwa sababu hakuna anayelijua. Huo ndio upweke wangu. Chumba nimekizoea.

Jumamosi mchana, ofisi ikiwa tupu, nikafika kwenye mstari wangu katika orodha. Nikafuta Fundi. Nikaandika Mama, kisha jina lake. Nikajiambia hakuna atakayeliona, maana nani atamtafuta mtu asiyemjua? Nikahifadhi, nikafunga ofisi.

Fundi gani mimi! Nilisahau kwamba programu ile haisubiri umalize. Ukiandika Mama tu, inakuletea akina mama wote wa kampuni, kila mmoja na anwani yake na kazi yake.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimepiga magoti nikichomeka waya chini ya meza iliyo jirani na ya mama wa uhasibu. Nikasikia kidole chake kikigonga, halafu kikaacha. Nilijua ameona nini kabla sijainua kichwa.

Hakuuliza mtoto yuko wapi. Hakuuliza ana umri gani. Mwanamke wa umri wake hana haja ya kuelezwa kwa nini mama hamtaji mtoto wake.

"Mama," akaniita, akalitaja na jina la mwanangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyowaita wengine. "Njoo tunywe chai."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniita hivyo. Nikabaki pale chini nimeshika waya, nalia.