Gunia Ndani ya Gunia

Kabati la jikoni kwangu, hapa Saint Paul, Marekani, bado lina mchele aliofunga Mama. Kila mfuko umejazwa nusu tu, ukafungwa mdomo kwa uzi, kisha ukatiwa ndani ya mfuko mwingine mkubwa zaidi, nao ukafungwa. Nilikuwa nikimletea mchele kutoka maduka ya Wasomali kule Cedar-Riverside, na kabla sijavua koti yeye ameshaketi na mifuko yake mapajani, anagawa na kufunga.

"Mama, hii ni kazi gani sasa? Si mchele ukae tu kwa gunia lake?"

"Ndivyo Baba alifunga," ananijibu bila kuinua kichwa.

Baba yake, yaani babu yangu, alifunga mahindi hivyo, na maharagwe hivyo, na kijiji kizima kilimcheka kwamba ana magunia ya kuchezea. Mimi ni mtu wa kupanga vitu vikapangika, na lile kabati la mifuko iliyolegea lilinikera kila siku ya Mungu. Siku hizi nalifungua nikalitazama tu.

Babu alikwenda vita vya dunia upande wa Mwingereza, kule Burma. Hilo kila mtu kwetu, magharibi mwa Kenya, alilijua. Lakini walijua na zaidi: kwamba hakuwa askari wa kutembea kwa miguu kama wenzake, bali alipanda ndege ya mabomu. Mwenyewe alilisema mara chache sana, na kwa maneno yale yale: "Nilikuwa ndani ya ndege ya mabomu. Tulitupa." Ukimwuliza mlitupa nini, mzee anatafuta kofia yake anaondoka. Lisemwalo lipo, majirani wakasema, na yale aliyoyaacha wazi wakayajaza wenyewe. Sisi wajukuu tulitamba nayo shuleni. Binamu yangu alisema Babu alichoma mji mzima wa Wajapani. Mimi sikumkanusha, nilimwongezea mji wa pili.

Alikuwa na vituko vyake. Ghala lake lilisimama juu ya nguzo, na vijana wa nyumba nyingine, zenye maghala kama lake, walikuwa wakiyatupa magunia yao chini, puu, vumbi likatimka tukashangilia. Babu hatukumwona akitupa gunia hata siku moja. Alisimama mlangoni mwa ghala akapaza sauti, "Tokeni chini! Tokeni chini!" hata kama tulikuwa mbali kule kwenye migomba. Kisha alihesabu vichwa vyetu, akavihesabu tena, ndipo akashuka ngazi polepole na gunia kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Tulimwigiza nyuma ya jiko mpaka tukaumwa mbavu kwa kucheka.

Mama hakucheka, wala hakutamba. Yeye alikuwa na jambo lake, na lilihusu kanisa. Babu hakukosa ibada hata Jumapili moja, lakini aliketi benchi la nyuma karibu na mlango, na kasisi alipoalika watu kwenye Meza ya Bwana, yeye aliinuka akatoka nje. Alingoja ukutani mpaka ibada iishe, Mama akatoka mbio, akamshika mkono wakaenda zao nyumbani. Mama alikuwa kasichana kadogo. Siku moja akamsikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake: mikono ile imechoma watoto wa watu, itaushikaje mkate? Neno hilo likamwingia, halikutoka. Hakumwuliza baba yake, akaogopa, na baba yake akafa.

Mimi mwenyewe hakuniambia mpaka moyo wake ulipoanza kuchoka, huku Minnesota, madaktari wakaanza kuzungumza nasi kwa ile sauti ya upole. Mimi nauguza watu, ndiyo kazi yangu, na ile sauti naijua maana yake. Tulikuwa tumerudi kutoka kliniki, ameketi dirishani anatazama theluji ya watu wa jirani, kwa maana ya kwetu aliichukia.

"Kufa siogopi," akasema. "Naogopa kitu moja. Nikifika kule, Baba nitamkuta ama sitamkuta?"

"Mama, hayo ni mambo ya Mungu."

"Najua ni ya Mungu. Nakuuliza wewe kwa sababu ndiwe uko na kompyuta."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Nikaona kwamba mama yangu, aliyenilea kwa maombi ya alfajiri, alikuwa akijitayarisha kwenda mahali ambapo hakuwa na hakika kama baba yake ameruhusiwa kuingia.

Basi nikatafuta. Niliandika Uingereza kwa watunza kumbukumbu za jeshi, wakanijibu kwa adabu nyingi kwamba hawana mtu wa jina hilo, wala wa jina hilo likiandikwa kombo. Nikapekua mtandaoni. Wajukuu wa marubani wa Kimarekani wanajua kila kitu: ndege ilichorwa nini puani, nani aliketi wapi, hata mbwa wa kambini alikuwa wa rangi gani. Babu yangu hana hata mstari. Niliona wivu, sitaficha, wivu wa kuuma. Na nilikuwa na hamu ya kumwona yule mzee kuliko hata siku tuliyomzika. Nilitamani nimkalishe pale pale jikoni kwangu, nimmiminie chai ya maziwa yenye tangawizi, nimfiche kofia yake asipate kuondoka, halafu nimwulize: Babu, mlitupa nini?

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyeniambia kwamba Eden Prairie, kwenye kiwanja kidogo cha ndege, kuna banda la ndege za kale ambalo wastaafu wanalitunza kwa kujitolea. Jumamosi nikaendesha gari mpaka huko, maana huko bila gari huendi. Nilimkuta mama mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu, amevaa sweta mbili na anapangusa bawa kama mtu anayempangusa mtoto pua. Nikamweleza kilichonileta.

"Babu yako alikuwa rubani?" akaniuliza.

"Mtu mweusi, jeshi la Mwingereza, miaka ile?" nikamjibu. "Huo urubani angepewa na nani?"

Wengine hapa ukiwajibu hivyo wanakuwa wekundu, wanaomba radhi mpaka unachoka wewe. Huyu aliweka kitambaa chake chini akasema, "Basi alikuwa mlangoni."

Sikumwelewa. Akanivuta mkono mpaka ubavuni mwa ndege, mahali palipokuwa na mlango mpana. Baba yake, akasema, alirusha ndege huko huko Burma. Askari walikuwa ndani ya msitu, barabara hakuna, na kila walichokula kilitoka juu. Ndege zozote zilizopatikana zilitumika, wakati mwingine hata za mabomu. Waliosukuma mizigo mlangoni waliazimwa jeshini, yeyote mwenye mgongo wa nguvu. Kuazimwa huko nani angekuandika? Mlango wenyewe uling'olewa, ndege ikashuka mpaka karibu iguse miti, nao wakalala chali wakasukuma kwa miguu.

"Walisukuma nini?" nikauliza.

"Mchele, zaidi."

Dawa na risasi zilipewa miavuli, akasema, lakini miavuli haikutosha, kwa hiyo mchele ulitupwa hivi hivi. Na hapo akainama chini ya meza akatoa kitu wanachowaonyesha watoto wa shule. Lilikuwa gunia limejazwa nusu, limefungwa mdomo, limelala ndani ya gunia kubwa zaidi. Ukilijaza likashiba, akanieleza, likigonga ardhi linapasuka, mchele wa watu wote unaishia matopeni. Ukilijaza nusu, mchele unapata nafasi ya kukimbia. La ndani litapasuka, la nje litashika.

Nililishika lile gunia, na mikono yangu ikalijua. Ndilo lililokuwa kabatini kwangu. Nililia pale mbele ya mgeni, kamasi na yote, naye akanipa kile kitambaa chake cha kupangusia ndege nami nikakitumia.

Tulipokuwa tunaagana, akaniambia na jambo la pili. Nadhani alitaka tu nilijue lote, walimu ndivyo walivyo. Askari wale chini walikuwa na njaa, akasema. Wakiisikia ndege hawakuweza kungoja, walikimbilia uwanjani huku magunia yakianguka. Gunia la mchele likitoka juu kwa mwendo ule haliulizi wewe ni wa upande gani. Baba yake aliwahi kuona mtu akiuawa hivyo, kutoka dirishani kwake. Na dirisha la rubani lilitazama mbele, akasema. Waliokuwa mlangoni ndio waliokuwa wakitazama chini.

Njia nzima ya kurudi niliamua kwamba hilo la pili Mama hatalisikia. Ningemletea mchele, basi. Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kabatini na koti langu mwilini, nikatoa mfuko wake mmoja nikamwekea mapajani.

"Ndio hii, Mama. Ndio walikuwa wanatupa."

Nikamweleza yote ya mlango, na miti, na la nje linaloshika. Mama alisikiliza huku vidole vyake vikiupapasa mfuko, vikitafuta ule wa ndani.

"Mchele," akasema.

"Mchele."

"Si moto."

"Si moto, Mama. Chakula."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya moyo wake, machozi yakimtiririka kwenye mashavu, akisema, "Woi, Baba! Woi, Baba! Na ile mama ya kanisa!" Nami nikacheka naye, nikajiona mtu wa maana sana. Kisha akageuza mfuko, akaugeuza tena.

"Na wale walikuwa huko chini?"

"Walikula wakashiba," nikasema haraka.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mlangoni. Mama alinitazama vile alivyonitazama nilipokuwa mtoto na sukari mdomoni.

"Unakumbuka ghala?" akauliza.

Nikamwambia nakumbuka.

"Tokeni chini, tokeni chini. Na hapo chini hakuna mtu." Akaubana mfuko mapajani. "Alikuwa anaona mtu yeye. Si ndiyo?"

Nikavuta kiti karibu naye. Nikamweleza basi yale ya njaa na ya kukimbilia, kwa sauti ya chini, nikiishika mikono yake, na nikijilaumu moyoni kwa kuwa nimemfungulia mlango mmoja na kumfungia mwingine. Nilidhani sasa atavunjika. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno, yale ya kwamba haikuwa kosa lake, kwamba ilikuwa vita. Hakuyangoja.

"Hakuna mtu alimwambia," akasema. "Miaka yote hiyo anasimama nje, na hakuna mtu alitoka kumwambia ilikuwa chakula."

"Hakusema, Mama. Wangejuaje?"

"Mimi ningeuliza. Nilikuwa nimemshika mkono."

Akaomba chai. Nilipoileta, uso wake ulikuwa umetulia, na mfuko bado uko mapajani. Alikunywa kidogo.

"Sasa najua pa kumtafuta," akasema. "Mimi nilikuwa nauliza kama atakuwa ndani ama huko kwingine. Hawezi kuwa ndani. Baba aingie, akae mbele za watu? Wacha. Atakuwa nje hapo mlangoni, kama siku zote, ananingoja nitoke." Aliweka kikombe chini. "Nitamshika mkono nimwambie, Baba, ilikuwa mchele. Twende ndani."

Mama aliondoka kabla theluji ya jirani haijayeyuka. Aliondoka vizuri, na mimi ambaye nimeona watu wengi wakiondoka sisemi hivyo kwa kujifariji.

Mchele wake sijaupika. Jumapili tunakusanyika kwa ibada ya Kiswahili, Wakenya na Wakongo, katika kanisa la kuazima, na siku hizi naketi benchi la nyuma. Nikirudi kutoka Meza ya Bwana naufungua mlango kidogo. Nina hamu nao wote wawili, na pale mlangoni ndipo panaponiuma zaidi na ndipo ninapotaka kuwa. Mzee wa kanisa, Mkongo mmoja mpole aliyezongwa na skafu mpaka masikioni, hunijia kwa hatua za taratibu.

"Dada, pardon, tufunge. Baridi inaingia."

Naufunga. Lakini kwanza nachungulia nje.