Tundu Moja Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini katika hospitali ya Faza, Mkuu wa Mitambo hata chai hakunikaribisha. Alinipeleka moja kwa moja kwenye seva tatu zinazofanya kazi kwa kushirikiana: moja ikianguka, wenzake hubeba mzigo wake. Ndani mlikuwa na rekodi za wagonjwa wa kisiwa kizima.

"Bi Zuhura," akasema, "hizi zikizimika mara nyingine tu, wakubwa wa Mombasa watazihamishia kwao. Na mawasiliano ya huko yakikatika, mgonjwa ataletwa kutoka Siyu na daktari hajui hata dawa anazotumia."

Kazi yangu ilikuwa kuipa kila seva njia mbili. Waya mmoja waenda swichi ya kwanza, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta, wa pili swichi ya pili, kisha unaiamuru seva izichukulie zote kama njia moja. Mmoja ukifa, mwenzake hushika bila mtu kujua. Nikazipanga, nikajaribu kwa kuchomoa waya mmoja mmoja, zikakubali. Nikavimba kichwa, wallahi.

Lakini swichi zilikuwa chumba cha pili, na nyumba ile ni ya mawe ya kale, ukuta wake mnene kama urefu wa mkono. Kutoboa tundu moja tu kulinimalizia siku nzima. Nitoboe la pili? Aka! Nikapitisha nyaya zote mle mle.

Maulidi yakakaribia, akaja fundi wa chokaa kutengeneza kuta kwa sherehe. Akaliona tundu, akadhani ni ufa, akatia tindo apanue apate kuziba. Nyaya zote zikakatika, seva zote zikanyamaza.

Mkuu akalitazama tundu, akanitazama mimi. Nilijua nimefukuzwa.

"Ndia mbili, tundu moja? Hiyo ni ndia moja, mwanangu," akasema polepole; njia kwao ni ndia. "Wa Mombasa nitawazuia siku mbili. Shika tindo."

Nikatoboa ukuta mwisho wake mwingine, karibu na dari, yeye akinishikia ngazi, vumbi likimwagikia kofia yake, kisha nikapitisha humo nyaya za swichi ya pili. Nilimpenda mzee yule tangu siku hiyo. Wakaguzi wa Mombasa walipofika, nilikata waya mmoja kwa mkasi mbele yao. Daktari hakuinua hata macho kutoka kwenye kompyuta yake. Seva zikabaki Faza.

Siku aliyostaafu Mkuu, aliniuliza, "Na wewe, wa pili wako ni nani?" Nywila zote zilikuwa kichwani mwangu peke yangu. Nikamfundisha mwenzangu Bi Swabra kila kitu, hata yale niliyoyaonea choyo.

Mwaka huu nami nimestaafu. Wiki ya kwanza nilikaa na simu mapajani, nikingoja wanitafute. Siku ya nne jirani akaniambia kuwa seva moja ilianguka juzi, na Bi Swabra ameshaiinua. Hakuna aliyenipigia. Nililia kidogo, nikamwombea Mkuu dua, kisha nikaizima simu.