Namba ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi, akalelewa Kitanga, akapata uraia wa huku kama wenzake. Lakini baba yake alipokuwa anakata roho alimwachia habari ya shamba lao la michikichi ng'ambo, Burundi, karibu na mji ulio ufukweni mwa ziwa. Habari ile haikumwacha alale. Mwisho akamuaga dada yangu, akasema anakwenda kuliona tu na kurudi kabla maharage hayajakomaa.

Maharage yalivunwa. Simu yake ikawa haipatikani, mpaka tukachoka kupiga.

Mwaka jana, kiangazi, dada alinifuata Kasulu akaniomba nimsindikize Munanila, mpakani. Alikuwa amesikia kwamba huko kuna kilima chenye ngome ya zamani ya Wajerumani, na anga likiwa safi mtu akisimama pale anauona mji ule. Nilitaka kumuuliza itamsaidia nini. Badala yake nikamfuata.

Tulipanda asubuhi kupitia mashamba ya mihogo. Ngome yenyewe imebaki kuta za mawe zisizo na paa. Mbuzi wanalala ndani, na wanafunzi wameandika majina yao kwa mkaa chini ya matundu ambamo askari walitolea bunduki. Dada hakuvitazama. Alipita moja kwa moja hadi ukuta wa magharibi. Mbali kule, chini ya vilima vya Burundi, ziwa lilikuwa jeupe, na pembeni yake mabati ya mji yakimeta.

"Kumbe ni karibu hivi," alisema.

Kisha akatoa simu. Alikuwa na laini ya Burundi aliyonunuliwa na wafanyabiashara wa sokoni, na pale juu mtandao wao ulishika vizuri. Akaipiga namba ya mumewe. Ikaita. Alinishika mkono.

Sauti iliyopokea ilikuwa ya kijana, ikizungumza Kirundi. Dada alimjibu kwa Kiha chetu, lugha inayokaribiana nayo, wakaelewana. Akamtajia jina la mumewe. Kijana alisema hamjui. Laini alipewa dukani kama mpya, na watu wengi wamekuwa wakimpigia kumuulizia mtu huyo.

"Msinipigie tena, mama," alisema kwa upole. "Kila mara najiona kama nimemwibia mtu."

Dada alimwomba radhi, akakata. Hakulia. Mihogo ya kuchemsha tuliyobeba tuliwaachia mbuzi, tukashuka.

Jumapili moja baada ya hapo alipeleka jina la mumewe kanisani, limeandikwa kwenye karatasi, liombewe misani. Katekista akamuuliza amwandike miongoni mwa wazima au marehemu. Dada alinigeukia nimjibu kwa niaba yake. Nilitazama kalamu ya katekista. Watu walikuwa wamejipanga nyuma yetu, wakisubiri zamu. Dada akaichukua tena karatasi yenye jina lile, tukatoka nje.