Juu ya Mnara wa Kanisa la Cologne

Harufu ya mishumaa na makoti yaliyolowa mvua ndiyo iliyotupokea ndani ya kanisa kuu la Cologne, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipokuwa binti wa darasa la nne kutoka Karatu. Mama, muuguzi wa misheni kule Endulen, alikuwa amepelekwa Ujerumani kusomea uuguzi wa watoto, na kanisa lililomdhamini lilitualika mimi na baba tukamwone masomo yakikaribia kwisha. Nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu hata nimeanza kuisahau sauti yake. Nilitazama nguzo zilizopanda juu mpaka shingo ikauma, na vioo vya rangi vilivyomwaga wekundu na samawati sakafuni, lakini mkono wangu haukuachia koti la mama.

Tulipotoka, mwenyeji wake, Bibi Greta, aliyewahi kufanya kazi Mbulu na kujifunza Kiswahili, alimweleza baba kwa furaha kwamba hospitali ya pale inataka mama abaki. Baba aliitikia tu kwamba ni vizuri. Tangu hapo mji wote ulinitoka moyoni. Kwenye jumba la makumbusho mama alituonyesha vyungu vya Warumi na sakafu yao ya vijiwe vya rangi, akisoma maelezo ya Kijerumani bila kusita na kutaniana na mlinzi. Kadiri alivyouzoea mji ule, ndivyo nilivyoona anatuponyoka.

Alasiri mvua ilikatika, mama akanichukua tupande mnara wa kanisa. Baba, ambaye huogopa mahali pa juu, alibaki kwenye benchi la mawe, kofia magotini. Ngazi zilizunguka na kuzunguka. Kule juu upepo ulitupiga, mto Rhine ukipita chini yetu na meli zake za mizigo, na hapo nikapata ujasiri.

“Aayo,” nilimwita kama sisi Wairaqw tunavyowaita mama zetu, “utabaki huku?”

Alinitazama kwa mshangao. “Waliniomba, nikakataa siku ileile. Endulen kuna watoto wananisubiri, na wewe unanisubiri. Tunarudi wote.”

Nilishuka mbio nikamwambia baba kabla mama hajafika. Alijifuta uso kwa ile kofia, kisha akauliza kama karibu pale pana chai. Siku zilizobaki niliona kila kitu: sanamu za watakatifu, picha kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu, makanisa ya kale yaliyojengwa upya baada ya vita. Nilikula hata ile mikate yao migumu.

Leo binti yangu anasoma Ujerumani, na kila asubuhi naona uso wake kwenye simu, jambo ambalo enzi zile hatukuliota. Hunionyesha madaraja na makumbusho, nami nafurahi kweli. Mama, ambaye sasa hasikii vizuri, hunipokonya simu na kumuuliza jambo moja tu: “Unakuja lini?”